Wanga wa Mchana

Pale shuleni kila mtu alimwita Mama Wanga, naye aliitika bila kinyongo. Mgeni akilisikia jina hilo getini lazima arudi nyuma hatua moja, maana wanga tunaowajua wengi wetu ni wale watu wa usiku, wanaozunguka nyua za wenzao na kuchezea usingizi wa watu. Wanga wa mama huyu ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa ule wa kwenye viazi, mchele na mkate, unaojificha ndani ya jani la kijani hadi utiwe matone ya iodini ndipo ujitokeze. Lugha yetu imeyafunga mambo haya mawili katika neno moja, kisha ikazidisha utani: mmoja wa wale watu wa usiku anaitwa mwanga, na nuru ya jua nayo inaitwa mwanga. Nani alikaa akapanga hivyo, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kuna Jumatatu moja mchezo huo wa maneno nusura uwaponze watahiniwa arobaini na mmoja.

Miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa ameshika funguo za maabara. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mhudumu, neno lisilosema kitu, kwa kuwa hata anayechemsha chai ya walimu ni mhudumu. Lakini yeye ndiye aliyejua bika ipi ina ufa usioonekana na koleo lipi halibani sawasawa. Yeye ndiye aliyewafundisha walimu wapya kwamba spiriti haiwekwi juu ya moto hata siku moja, inawekwa ndani ya maji ya moto, la sivyo mtu atarudi nyumbani hana nyusi. Wenye shahada walikuja na kuondoka. Kila mmoja aliingia na mikogo yake, na wiki mbili hazikupita kabla hajachungulia chumba cha maandalizi na kusema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, hebu nisaidie hapa kidogo."

Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Aliingia shuleni pale kama mfagiaji, mjane ambaye machozi hayajamkauka, na watoto watatu wakimtegemea. Asubuhi moja alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara na fagio lake, akingoja kipindi kiishe adeki. Ndani, mwalimu wa biolojia wa wakati ule, mzee mmoja mpole, alikuwa ameshika jani lililobanwa kipande cha karatasi nyeusi katikati. Aliondoa karatasi, akalichovya jani katika maji yanayochemka, akalitia kwenye spiriti ya moto mpaka kijani chote kikatoka na jani likabaki jeupe. Akalisuuza, akalitandaza juu ya kigae, akalidondoshea iodini. Pande mbili zilizokuwa juani zikageuka bluu ya giza, karibu nyeusi. Katikati, pale palipofunikwa, pakabaki na rangi ya iodini tu, kahawia nyepesi, na mpaka wake umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

Fagio likamponyoka. Wanafunzi wakacheka, lakini yeye hakuwa na habari nao.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Hapo penye giza ndiyo nini?"

"Hicho ni chakula, mama. Wanga. Jani limejipikia lenyewe kwa mwanga wa jua, maji ya ardhini na hewa. Pale tulipoliziba halikupika."

"Na sisi tukila?"

"Tunakula jua lililowekwa akiba. Ukiinua hilo fagio, ni jua linaloinua. Joto la mkono wako ni hilohilo."

Mtu mwenye njaa humwambii maneno ya namna hiyo ukatarajia ayasahau. Asubuhi ile alikuwa amewagawia wanawe mkate mmoja, yeye akanywa chai kavu. Jioni aliporudi aliwakuta uani wakikimbizana na mpira wa matambara, wanapiga kelele, wanatokwa jasho, akakaa kizingitini akiwatazama mpaka giza likaingia. Mkate wa asubuhi ulikuwa unakimbia uani pake kwa miguu sita. Tangu siku ile hakuwahi tena kuona chakula kuwa kitu cha kawaida, na mimi kwa hilo peke yake ninamvulia kofia.

Alijifunza kwa kusimama mlangoni. Baadaye akajifunza kwa kuosha vyombo huku ameinamia vitabu, hadi yule mzee akamwambia Mkuu wa shule kwamba funguo za maabara apewe mwenye fagio. Neno moja tu lilimshinda. Vitabu vinasema usanisinuru, yeye akasema usanii wa nuru, na hata aliposahihishwa hakubadilika. "Kwani nimekosea nini?" aliuliza. "Kutengeneza kiazi kwa mwanga na maji, kama si usanii ni nini?" Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Walimpenda pia kwa sababu kwenye droo yake hapakukosekana mkate, na aliyesinzia darasani alimwita pembeni, akamwambia, "Wewe hujala jua leo," akamkatia kipande.

Kati ya wanafunzi hao alikuwemo mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza, aliyekaa naye tangu akiwa mdogo. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Binti huyo alikuwa mtahiniwa mwaka ule, na nia yake ilikuwa kuendelea na sayansi. Bibi yake alibakiza miezi miwili tu kustaafu. Kwa hiyo mtihani wa vitendo wa biolojia ulikuwa wa mwisho kwa mmoja na wa kwanza mkubwa kwa mwingine, na jambo hilo halikusemwa nyumbani, ila lilikuwepo.

Wiki tatu kabla ya mtihani ililetwa bahasha ya siri yenye orodha ya vitu vya kuandaa. Mama Wanga aliifungua mbele ya mwalimu wa biolojia, akasoma, akatabasamu. Lilikuwa jani lake. Kila mtahiniwa apewe jani moja lenye karatasi nyeusi katikati, lililokaa gizani siku tatu, kisha likapata jua la kutosha asubuhi ya mtihani. Alirudi nyumbani, akala na mjukuu wake, akamsikiliza akikariri mifupa ya mkono. Ile siri ilimkaa tumboni wiki tatu nzima na hakuidokeza, hata kwa kukohoa.

Alikuwa na vyungu saba vya maua yenye majani mapana, na kila mmea ulikuwa na majani sita mazuri. Saba mara sita ni arobaini na mbili. Watahiniwa arobaini na mmoja, jani moja la ziada. Ijumaa asubuhi akavifungia vyungu kwenye stoo isiyo na dirisha, kwa sababu mmea ukikosa mwanga unakula akiba yake mpaka iishe, na jani linakuwa tupu. Ni kama mtu anayeishi kwa kupangusa chungu cha jana. Jumatatu, jua linachomoza, akavitoa na kuvipanga uani nyuma ya maabara, karatasi nyeusi zikiwa zimebanwa tayari. Mtihani ulikuwa saa nane mchana, na majani yalihitaji saa sita za jua.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Mlinzi wa mchana alikuwa mgeni, ana wiki mbili tu kazini, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa moyo. Alikuwa amekwisha kusikia jina la mama huyu, na lilikuwa halijamkaa vizuri.

"Mama, hivi vyungu ulivifungia vya nini siku zote hizo?" aliuliza.

"Nilikuwa naondoa wanga," alijibu Mama Wanga, mawazo yakiwa kwenye bika zake. "Sasa havina hata chembe. Lakini vikikaa hapa nje, ikifika saa sita vitakuwa vimejaa wanga tele."

Akaingia ndani kupanga vyombo vya watu arobaini na mmoja, akamwacha mlinzi amesimama peke yake na habari hiyo.

Saa nne alitoka kutazama. Uani palikuwa peupe. Palibaki alama saba za mviringo kwenye saruji, zimeshakauka.

"Baba!" alimwita mlinzi. "Vyungu viko wapi?"

Mlinzi akaja mbio, uso unang'aa kwa furaha ya mtu aliyetenda jema. "Usiwe na wasiwasi, mama. Nimeviokoa. Ulipoingia tu, nikavirudisha stoo, nikafunga na komeo. Siku ya mtihani kama hii, watoto wa watu! Wanga waingie wapi?"

Mama Wanga alikuwa na haki ya kumtolea uvivu mtu yule, na maneno aliyokuwa nayo hayakuwa machache. Badala yake likamtoka swali dogo tu. "Kwani ulidhani wanga gani, baba?"

"Kwani wako wangapi?"

Alimweleza kwa maneno kumi. Mlinzi alimsikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wa kwenye viazi?" aliuliza. "Mama, wa kwenye viazi?" Kisha, bila kungoja jibu, akakimbilia stoo, akatoka amekumbatia vyungu viwili kwa mpigo.

Uani pale kulikuwa na ukuta wa bwalo jipya, na mchana ukipinda kidogo tu kivuli kinaingia. Mama Wanga aliamua vyungu vipande juu, kwenye paa la zege la maabara, ambako hakuna cha kuzuia jua pande zote. Mlinzi alipanda ngazi ya chuma mara saba. Mama mwenyewe, miaka hamsini na tisa na goti moja bovu, alipanda nyuma yake. Akatuma ujumbe bwenini kuazima mashuka meupe, akayafunga kwenye mabomba ya matangi ya maji kuzunguka vyungu ili mwanga unaopita upande uyapige majani tena. Mwalimu wa biolojia alipowasili aliwakuta juu ya paa, mama ameshika ncha ya shuka na mlinzi ameshika ncha ya pili, jasho linawatiririka.

Saa tano likaja wingu. Lilikaa juu ya shule muda wa robo tatu ya saa nzima, nene, la kijivu, halina haraka. Mama Wanga aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akalitazama na kulisonya. Alikuwa anajua kinachoendelea ndani ya yale majani kwa jinsi mama anavyojua kilichomo kwenye sufuria bila kufunua: moto umepungua, chakula hakiivi. Wingu likapita, jua likarudi kali. Saa sita na nusu mwalimu akasema heri wajue moja.

Wakachuma jani la ziada, lile la arobaini na mbili, wakashuka nalo. Maji ya moto, spiriti, maji baridi, kigae. Matone yalipoanguka, wote wawili waliinama mpaka vichwa vikakaribia kugongana. Mpaka ulionekana, ndiyo, lakini kwa shida. Pembeni palikuwa na bluu iliyopauka, na katikati kahawia.

Mwalimu alikuwa kijana wa mwaka wa pili kazini, mwenye huruma na wanafunzi wake, na huruma hiyo ndiyo iliyomfanya ashushe sauti. "Mama, nina wazo, usinikasirikie. Unga kidogo kwenye maji vuguvugu, na brashi ndogo. Tunapaka pande zote mbili, katikati tunaacha. Iodini haijui kama wanga umetoka kwenye jani au kwenye pakiti."

"Iodini haijui," alisema Mama Wanga. "Inatuamini sisi."

"Watafeli, mama. Watu arobaini na mmoja, kwa kosa lisilo lao. Na mjukuu wako yumo."

Sitamvika mama huyu kilemba cha ukoka. Alitamani. Pakiti ya unga ilikuwa kabati la kushoto, rafu ya pili, na mkono wake uliijua njia hata gizani. Alimwona mjukuu wake ameinamia kigae, akingoja bluu ya giza ambayo bibi yake amemsimulia tangu akiwa mtoto, na bluu haiji. Moyo ulimuuma kwelikweli. Lakini alikumbuka siku ya fagio. Kama mpaka ule aliouona siku ile ungekuwa umepakwa kwa brashi, basi mkate wake, watoto wake waliokimbia uani na miaka ishirini na sita ya funguo vingekuwa vimesimama juu ya udanganyifu wa mtu. Binti yule angeangalia unga na kuamini ni jua.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Tumebakiza saa nzima. Rudi juu ukashike shuka."

Mwalimu alimtazama, akanawa mikono, akarudi juu. Hilo nalo ni la kusifiwa.

Saa saba na nusu wakachuma majani arobaini na moja, kila moja na karatasi yake, na hakuna aliyejua yako namna gani ndani. Kwenye karatasi ya taarifa ya mtihani kulikuwa na nafasi ya kueleza jambo lolote lisilo la kawaida. Kwa miaka yote Mama Wanga alikuwa akiandika hapo "hakuna", na alikuwa amepania kustaafu na "hakuna" zake kamili. Alikaa mezani, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la saba: "Majani yalipata mwanga muda wa saa tatu na nusu badala ya saa sita, na katikati palikuwa na wingu. Rangi inaweza kuwa hafifu. Kosa ni la mtunza maabara, aliyetumia neno bila kulieleza." Mlinzi hakumtaja. Akaambatisha lile jani la majaribio katikati ya karatasi mbili, mwalimu akatia sahihi chini yake, bahasha ikafungwa kwa gundi na kupigwa muhuri kabla ya mtihani kuanza.

Kisha akakaa chumba cha maandalizi, mlango umefungwa, akisikia bika zikigongana upande wa pili. Saa mbili zile alizihesabu kwa harufu: mvuke, halafu spiriti, halafu iodini. Ilipofika iodini aliinamisha kichwa. Baadaye kidogo kalamu zikaanza kukwaruza, nyingi kwa pamoja, haraka haraka. Hakupata kujua ni habari njema au mbaya.

Saa kumi mjukuu wake alimkuta amekaa kwenye benchi karibu na geti, viatu amevua, goti limevimba. Mlinzi alikuwa amesimama hatua chache pembeni, akijifanya anafuta kofuli.

"Bibi," alisema binti, na hata salamu hakutoa. "Yale majani yalitoka nje saa ngapi leo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Langu lilikuwa hafifu. Mpaka ulionekana, lakini pembeni haikuwa ile bluu ya giza unayoisema. Wenzangu wengi wameandika bluu-nyeusi kama ilivyo kwenye kitabu. Aliyekaa mbele yangu hata hakuliangalia, aliandika kabla iodini haijakauka." Alisogea karibu na benchi. "Mimi nimeandika bluu hafifu, kwa sababu ndiyo niliyoiona. Halafu kwenye maelezo nikasema jani hili lilianza kupika likakatizwa, halikupata mwanga wa kutosha. Nikakadiria saa tatu, nne hazifiki. Bibi, nimejiharibia?"

Mama Wanga aliinua macho, akatazama upande wa ofisi. Ofisini kwa Mkuu, ndani ya bahasha yenye muhuri, kulikuwa na sentensi yake, na ndani ya bahasha nyingine kulikuwa na sentensi ya mtoto huyu. Hazikuwa zimeonana, na zilikuwa zinasema neno moja. Mtoto alikuwa amelisoma jani hadi muda liliokaa paani, bila mtu kumnong'oneza.

"Hujajiharibia," alisema Mama Wanga.

"Mama," mlinzi aliingilia kwa unyenyekevu, akashindwa kujizuia. "Kwa hiyo wanga waliingia au hawakuingia?"

"Uliingia, baba. Haukujaa, lakini uliingia." Alivaa viatu, akanyoosha mkono ili mjukuu amvute asimame. Mkono wa binti ulikuwa umelowa jasho na una joto, na bibi akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umekula?" aliuliza.

"Asubuhi tu, Bibi."

"Basi twende nyumbani. Hilo jua la asubuhi umeshalimaliza lote mle ndani."